Ukishatoa, Umetoa?

Kuna swali ambalo watu wengi hulijibu haraka sana: ukimpa mtu kitu, kinakuwa chake? Jibu la haraka ni ndiyo. Kimetoka mkononi mwako, kimeingia mkononi mwake, mambo kwisha. Hata watoto wa nasari wanajua. Ukimpa mwenzako peremende halafu uitake tena, darasa zima litakuzomea.

Lakini tazama tunavyoishi. Shangazi aliyekuletea seti ya vikombe siku ya harusi anakuja kukutembelea, na kabla hajakaa vizuri macho yake yameshazunguka kabati lote yakivitafuta. Mjomba aliyekulipia karo ya kidato cha tatu bado anaitaja karo hiyo katika kila mkutano wa familia, na wewe sasa una miaka 30. Mpenzi mliyeachana naye anataka simu yake irudi. Ukiwauliza, wote watakwambia walitoa kwa moyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ndivyo tunavyoambiwa tangu utotoni. Sawa. Ila methali hiyo inatuambia kutoa kunaanzia wapi. Haituambii kunaishia wapi.

Mimi swali hili limenishika kwa sababu ya sweta. Ni sweta ya mwanaume, yenye kofia, yenye ile misokoto minene inayopanda kifuani kama kamba, na niliifuma kwa mikono yangu kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Nilimpa ndugu yangu mdogo. Yeye akampa mtu mwingine.

Najua tayari una hukumu. Kila ninayemsimulia huwa nayo kabla sijamaliza sentensi. Nakuomba uishike kidogo.

Kwanza uelewe kitu chenyewe. Kufuma ni kazi ya vitanzi. Unavuta uzi kupitia kitanzi kilichopo kwenye sindano, unapata kitanzi kipya, unasonga. Ukimaliza mstari unageuza kazi, unarudi. Sweta yote, hata iwe kubwa vipi, ni kitanzi kilichoshikwa na kitanzi kilichoshikwa na kitanzi. Msokoto nao hupatikana hivi: ukifika mahali pake, unatoa vitanzi 3 kwenye sindano, unavihamishia kwenye kijiti kifupi na kuviacha vikining'inia mbele ya kazi. Unafuma 3 vinavyofuata. Kisha unarudi kuvifuma vile 3 vilivyokuwa vinangoja. Vimevukana. Ukivingojesha mbele, msokoto unalalia kushoto. Ukivingojesha nyuma, unalalia kulia. Unafuma mistari kadhaa iliyonyooka, kisha unavukisha tena. Hakuna uchawi hapo. Kuna vitanzi vilivyobadilishana nafasi, na kuna kuhesabu.

Shida ni kwamba misokoto inakula. Vitanzi vikipandana, upana wa kitambaa unapungua, kwa hiyo lazima uanze na vitanzi vingi kuliko sweta ya kawaida, na uzi unaisha upesi. Unacholipwa ni joto. Pale penye msokoto kitambaa kinakuwa kinene, kinashika hewa, na upepo unapata kazi kupenya. Ndiyo maana nikachagua mtindo huu. Ndugu yangu anaendesha boda Limuru, kule juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kama hujawahi kusimama Limuru saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, ukungu umeketi barabarani na vidole havikusikii, basi hii baridi ya Nairobi unayolalamikia ni mzaha.

Kijiti cha kuvukishia ni yeye aliyenitengenezea. Alichukua spoki ya pikipiki iliyovunjika, akaikata, akaisugua ncha zote mbili kwa msasa hadi zikawa laini. Alipoileta nilicheka, kwa sababu shosho alinifunza kufuma kwa spoki za baiskeli, kama watoto wengi wa kizazi changu walivyofunzwa. Shosho mwenyewe hakuwa mtu wa sweta sana. Yeye alikuwa mtu wa kiondo: anatembea kwenda shambani, mzigo mgongoni, vidole vinasokota na kusuka bila kutazama. Nadhani kwake mkono mtupu ulikuwa ni aina ya umaskini.

Sasa hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa gumu. Mgongo ulianza na vitanzi 110 na ukaenda mistari 150. Mbele hivyo hivyo. Hizo ni 33,000. Mikono miwili, kwa wastani wa vitanzi 60 na mistari 120 kila mmoja, ni 14,400. Kofia, ambayo hufumwa mwisho kwa kuokota vitanzi shingoni na kupanda hadi utosini, ilikula 8,000. Jumla ni 55,400, na kila kimoja kilipita kwenye vidole hivi. Kwa mwendo wangu, pamoja na kuunganisha vipande, zilikuwa kama saa 70. Nilifuma kwenye mathree, jam ya Waiyaki Way ikiwa imekwama. Nilifuma stima zikipotea, kwa tochi ya simu. Nilifuma siku niliyopata habari mbaya kazini na sikutaka kuongea na mtu.

Uzi wa akriliki, mipira 10 ya gramu 100, ulinigharimu shilingi 2,500. Nikijilipa shilingi 100 tu kwa saa, ambayo ni kujidhulumu, sweta hiyo imefika shilingi 9,500. Gikomba hudi nzuri ya mtumba unaipata kwa 400 ukijua kubishana. Kwa pesa hizo ningemnunulia ndugu yangu hudi 23 na nikabaki na nauli ya kurudi nyumbani.

Rafiki yangu aliniuliza swali ambalo lilikuwa wazi: "Sasa kwa nini usimnunulie tu?" Nikamjibu kwamba nataka kumpa kitu ambacho sina kingi. Pesa sina nyingi pia, kweli, lakini pesa zikiisha naweza kutafuta zingine. Saa 70 za mwaka huo hazirudi. Nilipomwambia hivyo aliguna, akasema, "Basi hiyo si zawadi, hiyo ni loani."

Neno hilo lilikaa.

Mama yeye hakuwa na shida na saa zangu. Shida yake ilikuwa kofia. "Iache," aliniambia. "Kijana wa boda akijifunika kichwa usiku, polisi hawaoni baridi, wanaona mwizi." Alikuwa anasema kitu cha kweli. Ukifuma kofia kwa ajili ya masikio ya mtu, huwezi kufuma pia macho ya watakaomtazama. Nilimwuliza mwenye kichwa. Akasema anaitaka: akivaa helmeti itakaa shingoni kama skafu, akiwa steji ataivuta juu. Basi nikaifuma. Hapo tayari ningeweza kuona kwamba kitu kikitoka mkononi kinaanza maisha ambayo aliyekitengeneza hana habari nayo.

Nilimpa wiki ya mwisho ya Juni. Aliivaa mbele yangu, akainua mikono, akageuka kama mtu anayepimwa suti, akasema, "Sis, hii ni moto." Wasee wa steji walimwuliza ameinunua wapi. Hayo aliniambia yeye mwenyewe kwa simu, na nilitembea siku nzima nikitabasamu.

Katikati ya Julai nilienda nyumbani nikamkuta na jaketi ya kawaida. Nikauliza. Akanieleza bila kusita, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Kuna mzee ambaye ni soja wa usiku kwenye geti la ploti fulani karibu na steji yao. Ilinyesha usiku kucha na kibanda chake kinavuja. Alfajiri ndugu yangu alipofika kumchukua abiria pale, alimkuta mzee ametota, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. "Mimi nilikuwa na jaketi juu," akasema. "Nikavua sweta nikampa. Sis, alikuwa anaweza kufa pale."

"Na hukuwa na kitu kingine?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kitu kingine hakingempa joto."

Sikumjibu. Nilienda jikoni kumsaidia mama na viazi, na nikamenya viazi vingi kuliko vilivyohitajika.

Tangu siku hiyo nimeipeleka kesi hii kwa watu wengi. Marafiki zangu wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja: alipewa, ni yake, kwisha maneno. Angeweza kuichoma moto akitaka. Upande wa pili: kuna vitu vya kupeana na kuna vitu visivyopeanwa, sweta ya dada yako ni kama picha ya mama yako ukutani, huibandui ukampa jirani hata kama ukuta wake ni mtupu. Hakuna aliyesema kumsaidia mzee ni vibaya. Swali lilikuwa ni kama ndugu yangu amenikosea mimi kwa kumtendea mema mtu mwingine. Na je, hilo linawezekana? Tendo moja, mkono mmoja, liwe jema upande huu na kosa upande ule?

Nilianza na suala la umiliki, kwa sababu ndilo linaloonekana rahisi. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu kilichotoka mwaka 1689, alijenga hoja ambayo bado inatembea mitaani bila watu kujua jina lake: kwamba mtu ni mmiliki wa kazi ya mikono yake, na akiichanganya kazi hiyo na kitu ambacho hakikuwa cha mtu, kitu hicho kinakuwa chake. Ndiyo hoja ya mkulima aliyefyeka kichaka. Ndiyo hoja ya mama anayesema "hii nimeijenga kwa jasho langu." Basi jasho langu limo kwenye sweta ile, vitanzi 55,400. Je, halinipi haki yoyote?

Ukiifuata vizuri, Locke hanisaidii. Kazi yangu ilinifanya mwenye sweta, ndiyo. Lakini kilicho changu naweza kukitoa, na nilikitoa. Siku ile ya Juni umiliki ulihama, pamoja na haki ya kukihamisha tena. Kama ni mahakama, kesi imeisha asubuhi. Na bado nilikuwa nimekaa na kisu cha viazi mkononi. Kwa hiyo kilichoniuma hakikuwa umiliki.

Nikaenda kwa Mfaransa, Marcel Mauss, aliyeandika insha maarufu kuhusu zawadi, iliyochapishwa mwaka 1925. Mauss alikusanya habari za jamii nyingi akasema zawadi haiwi bure kamwe. Ina wajibu tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Na alisimulia fundisho la Wamaori wa New Zealand lililonifanya niketi vizuri, kwa sababu ni hadithi ya watu watatu, kama yetu. Mimi nakupa kitu. Wewe unampa mtu wa tatu. Baadaye yule wa tatu anakurudishia kitu kingine. Kwa Wamaori, kitu hicho huwezi kubaki nacho. Lazima kinirudie mimi, kwa sababu ndani yake imo hau ya kitu changu. Mauss aliielewa hau kuwa ni roho ya zawadi, inayotaka kurudi ilikotoka. Wasomi wengine wamembishia tafsiri hiyo, lakini picha yenyewe ni ya kushika.

Sasa, yule mzee wa geti alimrudishia ndugu yangu kitu? Alirudisha. Siku hizi mpangaji yeyote wa ploti ile akitaka boda asubuhi, mzee anampigia ndugu yangu. Kwa sheria ya Wamaori, chapaa za abiria hao zingefaa kuingia M-Pesa yangu. Nilimwambia hivyo ndugu yangu kwa utani. Akanitumia shilingi 50, na maneno: "Hau."

Nilicheka, lakini Mauss alikuwa amenionyesha jambo. Kuna kitu changu ambacho nilitaka kirudi, na hakikuwa pesa. Nilitaka nionekane ndani ya ile sweta. Nilitaka kila anapoivaa awe anajua kwamba kuna mtu alikaa saa 70 akimfikiria.

Tamaa hii si yangu peke yangu. Ina historia. Sweta za misokoto zinahusishwa sana na visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, na zinauzwa zikiwa na hadithi: kwamba kila ukoo wa wavuvi ulikuwa na mpangilio wake wa misokoto, ili mvuvi akizama na mwili wake kutupwa ufuoni, hata kama uso hautambuliki, sweta iseme ni wa nani. Hadithi tamu. Wanaofuatilia historia ya ufumaji wameikataa. Mtindo huo si wa kale hivyo; ulikua hasa katika karne ya 20, na wanawake wa visiwani walifuma sweta hizo kwa kuuza pia, si kwa waume na kaka zao tu. Mbegu moja ya hadithi hiyo inaonekana katika tamthilia ya J. M. Synge, Riders to the Sea, iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1904. Humo, dada anaitambua soksi ya kaka yake aliyezama kwa idadi ya vitanzi alivyoanza navyo na vile vilivyomponyoka.

Ni wazi kwa nini hadithi hiyo inauza. Inatuahidi kwamba kazi ya mikono inamfunga mtu kwetu hata baharini, hata akiwa amekufa. Anayefuma anapenda kusikia hivyo. Lakini katika tamthilia hiyohiyo kuna jambo dogo ambalo hadithi ya madukani imeliacha. Dada hao wanataka kulinganisha na shati la marehemu, na hawalipati kwenye kulabu. Ndugu yao aliye hai amelivaa, kwa kuwa la kwake lilikuwa zito kwa chumvi. Shati limeshahama. Hakuna anayemlaumu. Kulikuwa na mwili uliohitaji shati.

Jumapili moja ya Agosti nilipita kwenye lile geti. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio pajani, kofia imevutwa hadi kwenye paji la uso. Sweta yangu. Niliijua kutoka mbali, na nilipofika karibu nilijikuta nahesabu mivukano ya msokoto wa katikati, kutoka kiunoni kwenda juu, kama yule dada. Ilikuwa yote. Mikono ilikuwa imemzidi urefu, ameikunja mara mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Napita tu. Baridi je?"

Akajishika kifuani. "Baridi iko, lakini hii imenisaidia. Nilipewa na kijana wangu wa boda. Kijana mzuri sana yule."

Nikamwambia ni kweli, ni kijana mzuri. Nikaenda zangu.

Waswahili wanasema tenda wema nenda zako. Nilikuwa nimetenda na nilikuwa nimeenda, kwa miguu kabisa, na njia nzima nilikuwa nabishana na methali hiyo. Si kwamba nilitaka mzee anishukuru. Ni kwamba katika maelezo yake sweta ilianzia kwa ndugu yangu. Alimshukuru mtu aliyeitoa mwilini mwake mara moja, kwa dakika moja. Nyuma ya dakika hiyo kuna saa 70 ambazo hazina jina.

Na hapa nadhani upande wa kwanza wa marafiki zangu, wale wa "kwisha maneno," wanaruka kitu. Ni rahisi sana kuwa mkarimu kwa saa za mtu mwingine. Jamii yetu imezoea. Mwenye nyumba anasifiwa kwa kukaribisha wageni 20, na aliyesonga ugali wa watu 20 yuko jikoni hajakaa. Kanisani wanashukuru familia iliyoleta maua, si mikono iliyoyapanga tangu saa kumi na mbili. Kazi ya mikono, hasa ya wanawake, tunaichukulia kama maji ya mvua: imeshuka tu, yeyote akinge. Kwa hiyo mtu akisema "alipewa, ni yake," nakubali. Ila nataka kumwuliza kama angesema vivyo hivyo kwa wepesi iwapo kilichotolewa kingekuwa shilingi 9,500.

Upande wa pili nao, wale wa picha ya mama ukutani, wanakosea kwingine. Wanataka zawadi iwe jela. Sweta ikae kwenye kabati, imekunjwa vizuri, ikimngoja dada aje aikague, na mzee atetemeke getini. Sikufuma vitanzi 55,400 ili kabati lipate joto.

Nilipofika ni hapa. Katika zawadi ya mikono kuna vitu viwili, na huwa tunavichanganya. Kuna kitu chenyewe, na kuna kazi iliyokitengeneza. Kitu kinahama. Kazi haihami. Saa zile 70 ndugu yangu hakuzitoa kwa mzee, kwa sababu haziwezi kutolewa. Zimebaki pale pale zilipofanyika, kwenye jam ya Waiyaki Way na usiku usio na stima, na zimebaki kuwa zangu na zake. Hakuna mtu anayeweza kuzigawa, wala mvua haiwezi kuzilowesha.

Kwa hiyo mpokeaji hana deni la kukiweka kitu. Ana deni la kukijua. Kuna mtu anayetoa alichopewa kwa sababu kwake ni takataka, anatafuta nafasi kabatini. Huyo amekukosea, hata kama aliyepokea amefurahi. Na kuna mtu anayetoa alichopewa kwa sababu anajua ndicho kitu bora alicho nacho. Ukivitazama kwa mbali, matendo hayo mawili yanafanana kama mapacha. Tofauti yake imo katika kile anachojua mtoaji wakati mkono wake unanyooka. Ndugu yangu alinipa jibu lake siku ile ya kwanza, ila nilikuwa nasikiliza viazi: kitu kingine hakingempa joto. Alijua uzito wa alichokuwa anavua. Spoki iliyovukisha kila msokoto ilitoka kwenye pikipiki yake.

Na kama deni ni la kujua, basi linasafiri na kitu. Anayepitisha zawadi anafaa kupitisha pia habari zake: nani aliitengeneza, na inatunzwaje. Hiyo si sifa naitafuta. Kitu kisicho na habari huchakaa haraka. Mtu hawezi kutunza kitu asichojua kimetoka wapi.

Mafundi wa kufuma wana jambo moja wanalolijua kuhusu kumaliza. Ukifika kitanzi cha mwisho, lazima ukate uzi, upitishe ncha ndani ya kitanzi hicho, uvute. Usipokata, sweta inabaki imeunganishwa na mpira wako, na mvaaji hawezi kutoka nayo mlangoni bila kukuburuta. Usipofunga, mtu akivuta kidogo tu kazi yote inafumuka, mstari baada ya mstari. Yule mjomba wa karo alifunga lakini hakukata. Kila mwaka anauvuta uzi kidogo kuona kama bado uko. Wale wanaotoa bila kutaka hata jina lao lijulikane, wanaosema "usijali, si kitu," wamekata lakini hawakufunga. Walichofanya kinafumuka mikononi mwa watu na hakuna anayejua kilikuwa nini.

Kuhusu ile sweta, nimemwomba ndugu yangu jambo moja. Nilimtumia meseji nikamwambia amfikishie mzee: aioshe kwa maji baridi, asiikamue kwa kuisokota, na asiianike kwa mabega kwenye kamba. Misokoto ni mizito ikilowa. Ikining'inia itavutika hadi magotini. Ailaze juu ya kitu tambarare, kivulini. Na akiuliza nani anasema hivyo, amwambie ni aliyeifuma.

Bado sijajua kama ameuliza.